Kababu za kuku zenye jibini ndani: namna ya kuzipika bila jibini kukimbilia kwenye mafuta

Kababu ya kuku ya kawaida haina siri kubwa. Ukishaiwekea kipande cha jibini katikati, umejiletea kazi nyingine kabisa. Jibini huanza kutiririka likiwa na joto la nyuzi 60 na kitu hivi, ilhali kuku wa kusaga hahesabiwi ameiva mpaka nyama ifike nyuzi 74. Kwa hiyo kuna dakika kadhaa ambapo ndani ya kababu mna uji wa moto, na nyama inayouzunguka bado haijashika vizuri. Ikipata ufa mdogo tu, jibini linatoka, linaungua kwenye karai, na unabaki na kababu yenye shimo katikati. Karibu kila ninalolieleza hapa chini, kuanzia jibini la kununua mpaka moto wa kukaangia, lina shabaha hiyo moja: jibini lichelewe kuyeyuka, nyama iwahi kushika.

Kipimo hiki kinatoa kababu 16, zinazotosha watu wanne au watano kama kuna kitu kingine mezani.

Mahitaji

- Mnofu wa kuku nusu kilo, ikiwezekana wa mapaja
- Jibini la kuyeyuka gramu 80 hivi
- Slesi 2 za mkate mweupe wa jana, zilizotolewa gamba
- Maziwa vijiko 4 vya chakula
- Kitunguu maji 1 kidogo
- Thomu punje 3, na tangawizi kipande kidogo
- Pilipili mbichi 1 au 2
- Kotmiri fungu dogo
- Chumvi kijiko 1 cha chai, kilichosawazishwa
- Pilipili manga na bizari nyembamba ya unga, nusu kijiko cha chai kila moja
- Za kufunikia: unga wa ngano robo kikombe, mayai 2, chenga za mkate mkavu kikombe kimoja na nusu
- Mafuta ya kukaangia

Utaona yai halimo kwenye nyama. Wapo wanaolitia na siwakatazi, ila kuku ana utomvu wake wa kutosha kujishika, na yai linafanya mchanganyiko uwe laini mno kuviringishika. Yai liache la kuchovya.

Kuku

Nunua kuku wa kisasa. Kuku wa kienyeji ana ladha kubwa lakini nyama yake ina nyuzi na mishipa, na hata ukiisaga mara mbili kababu inatafunika kwa shida. Huyo apikwe mchuzi wa nazi, ndiyo heshima yake. Kuku wa mayai aliyestaafu naye hali ni hiyo hiyo.

Mapaja ni bora kuliko kidari kwa sababu yana mafuta kidogo ndani yake, na mafuta hayo ndiyo yanayofanya kababu isiwe kavu. Kama bucha lina kidari tu, chukua, kisha ongeza kijiko kimoja cha chakula cha samli au mafuta kwenye nyama wakati wa kuchanganya. Kama unanunua kuku mzima, mwenye kilo moja na robo hivi atakupa karibu nusu kilo ya mnofu ukimchambua kwa subira. Mifupa na shingo vitie sufuriani upate supu ya kesho.

Sasa suala la kuosha, ambalo najua linazua ubishi kila jikoni. Maji ya bomba hayaui vijidudu vya kuku. Yanavirusha tu kwenye sinki, kwenye vyombo vilivyooshwa na kwenye kachumbari iliyo jirani. Mwaka 2014 wakala wa viwango vya chakula wa Uingereza ulifanya kampeni nzima kuwaambia watu waache kuosha kuku mbichi kwa sababu hiyo. Kuku wa sokoni aliyechinjwa asubuhi hiyo akaja na manyoya na damu huwezi kumwacha hivyo, hilo linaeleweka. Mwoshe ndani ya beseni, taratibu, bila kumfungulia bomba, halafu safisha sehemu yote kwa sabuni. Ukimaliza mkaushe kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni mpaka asidondoke tone. Kwenye kababu maji ni adui: yanageuka mvuke, na mvuke unatafuta pa kutokea.

Jibini

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa, na ndipo wengi wanapopoteza pesa.

Kuna majibini yanayoyeyuka na yasiyoyeyuka, na bei haikuambii lipi ni lipi. Lile la kutengeneza nyumbani kwa kugandisha maziwa ya moto kwa ndimu au siki, ambalo Wahindi wanaliita paneer, halitayeyuka hata ulikaange mpaka magharibi. Asidi na joto vinaifanya protini ya maziwa ishikamane moja kwa moja. Likipata moto linakauka tu na kubadilika rangi. Halloumi nayo hulainika bila kutiririka, ndiyo maana watu huichoma. Feta inabaki chenga. Ukitumia mojawapo ya hayo utapata kababu nzuri yenye kipande cha jibini ndani, ila usitarajie ule uzi unaovutika ukiimega.

Kwa uzi, chukua mozzarella. Lakini angalia: kuna ile laini inayouzwa ikielea kwenye maji, na kuna ile ya kipande kigumu inayotumika kwenye piza. Ya kwanza imejaa maji, waachie wanaoila na nyanya. Unayoitaka ni ya pili. Gouda na cheddar nazo zinafaa sana. Hazivutiki hivyo lakini zina ladha zaidi, na mimi napenda nusu kwa nusu, mozzarella ya uzi na cheddar ya utamu. Aliyeko Goma hana haja ya kuhangaika, kwani jibini la mviringo la Masisi linafanana na gouda na linayeyuka vizuri. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Njombe hasa, hutengenezwa majibini ya aina ya Kiitaliano yanayofikia maduka ya Dar es Salaam. Kenya, majibini ya Limuru na viunga vyake yamejaa kwenye maduka makubwa.

Zile pembetatu laini zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha ndizo zinazopatikana kila duka la mtaani. Zinatumika, ila zinageuka uji haraka kuliko zote. Ukiamua kuzitumia, zigandishe saa mbili nzima badala ya nusu saa, na ukuta wa nyama uwe mnene kidogo.

Kwa wanaochunga halali: majibini mengi hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Soma lebo. Ikiandikwa kimetokana na mimea au vijidudu, au kuna alama ya halali, mambo yamekwisha.

Likate vipande vya mraba vya sentimita moja na nusu. Usikate vikubwa zaidi kwa tamaa, kwani pembe za kipande kikubwa zinakaribia ngozi ya kababu na hapo ndipo patakapotoboka. Vipange kwenye sahani visigusane, weka friza dakika 30. Jibini lililoganda linapoingia kwenye mafuta lina safari ndefu ya kuwa uji, na safari hiyo ndiyo muda ambao nyama inautumia kuiva.

Kusaga na kuchanganya

Kata mnofu vipande vidogo, utoe mishipa meupe na gegedu, kisha uweke friza dakika 20 mpaka kingo zianze kukakamaa. Nyama baridi inakatika. Nyama yenye joto inapondeka na kutoa maji. Saga kwa mashine ya nyama au kwa blenda, ukibonyeza na kuachia, kubonyeza na kuachia, mpaka upate nyama iliyosagika yenye punje. Ikiwa uji laini umepitiliza, kababu itakuwa na mnepo wa soseji. Usiye na mashine tumia kisu kizito na ubao. Inachukua dakika kumi au kumi na tano, mkono unachoka, lakini kwa maoni yangu nyama ya kisu ndiyo tamu kuliko zote.

Kitunguu kikune, kisha kikamue kwa nguvu ndani ya kitambaa au kwa viganja. Utashangaa maji yanayotoka. Mkate uloweke kwenye maziwa mpaka uwe laini, uuponde kwa uma. Mkate huu si wa kuongeza wingi kama wengi wanavyodhani. Wanga wake unayashika maziwa na majimaji ya nyama yasikimbie kwenye moto, ndiyo maana kababu yenye mkate hubaki laini hata ikipoa.

Sasa utaratibu, na naomba uufuate kama ulivyo. Tia chumvi kwenye nyama peke yake kwanza, kabla ya kitunguu, kabla ya mkate, kabla ya kitu chochote. Kanda kwa mkono dakika mbili au tatu. Nyama itaanza kunata, itashikamana na bakuli, itakuwa na uzi uzi ukiinyanyua. Ni chumvi inayochomoa protini za nyama, na protini hizo ndizo gundi itakayoziba mshono wa kababu. Ukizitia zote kwa pamoja, mafuta na mkate vinaingilia kati na gundi haitoki vizuri. Ikishanata, ndipo utie mkate, kitunguu, thomu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili, kotmiri iliyokatwakatwa na bizari. Changanya mpaka vienee tu, basi.

Kaanga kijipande kimoja kidogo uonje chumvi. Kuku mbichi haonjwi kwa ulimi. Kumbuka jibini lenyewe lina chumvi, kwa hiyo nyama ikiwa imepungua kidogo ni sawa.

Inua donge zima ulipige ndani ya bakuli mara tano au sita ili hewa itoke. Funika, weka kwenye friji nusu saa.

Kufunga

Gawa nyama mafungu 16 kabla hujaanza kufunga hata moja. Kila fungu ni gramu 40 na kidogo, na kababu iliyokamilika inakuwa na ukubwa wa ndimu. Ukigawa huku unafunga, za mwanzo zitakuwa kubwa na za mwisho zitakosa nyama.

Lowesha viganja kwa maji kidogo au vipake mafuta. Tandaza fungu kwenye kiganja liwe duara, katikati pawe pazito kuliko kingo, maana kingo zitakutana na kuongezeka. Toa kipande cha jibini friza, kimoja kimoja, vingine vibaki kwenye baridi. Weka katikati, kunja kingo zikutane, bana mshono kwa vidole mpaka upotee. Kisha viringisha polepole, bila kuacha nafasi ya hewa kati ya jibini na nyama. Itazame pande zote chini ya taa. Ukiona jibini linachungulia au kuna mstari wa mshono, ziba kwa nyama kidogo sasa hivi. Ufa hauzibiki ukiwa kwenye mafuta.

Zikishakamilika zirudishe friji dakika 20, au friza dakika 10 ukiwa na haraka.

Baada ya hapo, kufunika. Kwenye Pwani tumezoea kuchovya kwenye yai tu kama katlesi, na rangi yake ya dhahabu yenye vinyuzinyuzi vya yai inapendeza sana. Kwa kababu isiyo na kitu ndani, inatosha. Kwa hii yenye jibini nashauri koti kamili: unga wa ngano, kung'uta, yai lililopigwa, chenga za mkate, ukikandamiza kidogo zishike. Ukiwa na chenga za kutosha rudia yai na chenga mara ya pili. Koti la chenga linakakamaa mapema ndani ya mafuta na kuwa boma la pili endapo nyama itapasuka. Mkono mmoja ufanye kazi kwenye vikavu, mwingine kwenye yai, la sivyo vidole vyako ndivyo vitakavyokuwa vya kwanza kupata koti.

Kukaanga

Mafuta yafike angalau nusu ya urefu wa kababu. Yakizifunika kabisa ni bora zaidi. Moto unaotakiwa ni wa wastani, nyuzi 160 hadi 165. Usiye na kipimajoto, tupia chenga ya mkate: ikizama kidogo, ikaibuka ikitoa povu taratibu, ni sawa. Ikitoa povu kwa hasira na kuwa kahawia mara moja, mafuta yamezidi, punguza na usubiri. Ikilala chini kimya, bado.

Kosa la kawaida ni mafuta ya moto mkali. Kababu inakuwa kahawia kwa dakika mbili, unaitoa ukidhani imeiva, na ndani kuku ni mbichi. Kwa kuku wa kusaga hilo si jambo la mzaha. Vijidudu vilivyokuwa juu ya ngozi ya nyama vimeshachanganywa mpaka katikati, kwa hiyo sehemu ya ndani lazima iive kama ya nje.

Kaanga tano tano, zisibanane. Ziache dakika moja bila kuzigusa koti lishike, kisha zigeuze mara kwa mara kwa kijiko. Kwa ukubwa huu zinahitaji dakika 7 hadi 8. Ukiwa na kipimajoto, chomeka kwenye nyama upande upande, usichome katikati: jibini litakudanganya, halafu litatokea kwenye hilo tundu. Isome nyuzi 74. Usiye nacho, itoe moja ya kafara kutoka mkupuo wa kwanza, ikate. Nyama iwe nyeupe yote hata ile inayogusana na jibini, isiwe na utelezi. Ukishajua dakika zako kwa jiko lako, mikupuo inayofuata ifuate saa hiyo hiyo. Kati ya mkupuo na mkupuo, chota chenga zilizobaki kwenye mafuta zisiungue, na subiri joto lirudi.

Anayetumia jiko la mkaa kazi yake ni kutuliza moto. Punguza makaa, yanayobaki yafunike na majivu kidogo, na uwe tayari kuliepua karai dakika moja mafuta yakianza kuchachamaa.

Zitoe uziweke juu ya waya au chujio. Ukizirundika kwenye sahani yenye karatasi, mvuke unalowesha koti. Zipumzike dakika tatu au nne kabla ya kuliwa. Jibini la ndani linaunguza ulimi kuliko chai ya mkandaa, na watoto hawasubiri, kwa hiyo wamegee wewe mwenyewe.

Usiyetaka mafuta mengi

Ovena: nyuzi 200, dakika 18 hadi 20, zikiwa zimepakwa mafuta juu na kugeuzwa mara moja. Kikaangio cha hewa ya moto: nyuzi 190, dakika 12 hivi, nacho uzipake mafuta, maana chenga kavu hazipati rangi. Kwa njia hizi zikaange kwanza chenga zenyewe kwenye kikaango na kijiko cha mafuta mpaka ziwe za dhahabu, ndipo ufunikie. Baadhi zitatoa jibini kidogo chini. Ni kawaida, mafuta ya karai hushika koti pande zote kwa mara moja, hewa haiwezi.

Kitoweo cha pembeni

Jibini na mafuta vinataka uchachu. Chatini ya ukwaju ndiyo chaguo langu la kwanza: ukwaju uliolowekwa na kuchujwa, sukari kidogo, chumvi, pilipili na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu. Pilipili ya ndimu inafaa pia. Nyanya ya chupa ipo, lakini ni tamu juu ya kitu ambacho tayari kina utamu wake.

Kuweka akiba

Wanaojiandaa na Ramadhani hujaza friza sambusa na katlesi wiki kabla ya mwezi kuandama, na kababu hizi zinakubali mtindo huo. Zigandishe mbichi zikiwa zimeshafunikwa chenga, kwenye sinia zisigusane, kwa saa tatu au nne. Zikishakuwa ngumu zitie kwenye mfuko na uutoe hewa. Miezi mitatu zinakaa bila kupoteza ladha.

Usiziyeyushe kabla ya kukaanga. Koti litalowa na litabanduka. Zitoe friza moja kwa moja kwenye mafuta ya nyuzi 150 hadi 155, dakika 11 au 12, mikupuo midogo ya nne nne kwa sababu ubarafu unashusha joto la mafuta. Hapa kipimajoto, au ile moja ya kafara, havina mjadala. Zilizoiva zikabaki hukaa friji siku tatu, na zinapashwa ovenini au kwenye kikaango kikavu chenye kifuniko, moto mdogo, mpaka ziwe moto kabisa ndani. Maikrowevu inazilainisha koti na kulifanya jibini lipasue mbavu.